Pombe ikikatika ghafla: damu inasema nini kuhusu ubongo?

Utasikia ikisemwa kwamba mtu akiacha pombe kwa wiki moja tu, ubongo wake huanza kuota upya, na kwamba wataalamu wameliona hilo kwenye damu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Ndani ya damu kweli zimo protini ambazo kazi yake ni kuzifanya seli zikue, ziungane na zisife mapema, na baadhi ya protini hizo hupanda katika siku za mwanzo za kuacha kunywa. Lakini kinachoonekana kwenye damu na kinachotokea ndani ya fuvu ni mambo mawili. Anayeyachanganya anaweza kumpa mgonjwa matumaini yatakayomfanya abaki nyumbani wakati alipaswa kuwa wodini. Kwa hiyo nitaifumua mada hii polepole.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini pombe haiko mbali na mtu. Kilolo na Mufindi, mvua zikishakolea, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, na ulanzi uliokuwa mtamu asubuhi unageuka mkangafu, yaani mkali, baada ya siku moja mbili. Iringa na Mbeya kuna komoni, kwa Wanyakyusa kuna kimpumu cha ulezi, na gongo lipo kila mahali ingawa sheria inalikataza. Wengi wanaokunywa vinywaji hivi hawapati kabisa shida ninayoieleza hapa. Inawapata wale ambao pombe imekuwa ya kila siku, inayoanza asubuhi, kwa miezi na miaka, kisha inakatika kwa ghafla. Nayo hukatika kwa njia nyingi. Mtu ameamua mwenyewe baada ya kuombewa, au fedha zimeisha, au amewekwa mahabusu. Mwingine amegongwa na bodaboda, amelazwa na mguu umefungwa plasta, na siku ya tatu anaanza kung'oa dripu na kugombana na watu ambao wengine wodini hawawaoni. Ndugu waliomleta kwa ajili ya mguu wanashangaa kichwa kimeingiliwa na nini.

Vichocheo vya ukuaji ni kitu gani

Katika miaka ya 1950 Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi St. Louis, Marekani, aliona jambo la ajabu. Uvimbe wa panya ukipandikizwa kwenye kifaranga ambacho bado kimo ndani ya yai, neva za kifaranga hicho huchipuka kwa wingi kuufuata uvimbe. Maana yake uvimbe ulikuwa ukitoa kitu kinachoziamuru neva zikue. Yeye na mwenzake Stanley Cohen wakakitafuta kitu hicho mpaka wakakitenga. Ni protini, nayo ikaitwa NGF, yaani kichocheo cha ukuaji wa neva. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli.

Baada ya hapo wenzake NGF wakaanza kupatikana mmoja mmoja. Mwaka 1982, huko Ujerumani, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen walitangaza kwamba wametenga kichocheo kingine kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Kilikuwa kidogo mno: kilo moja na nusu ya ubongo iliwapa takriban mikrogramu 1. Hicho ndicho tunachokiita leo BDNF, na ndicho kitakachotuchukulia muda mrefu katika makala hii. Mwaka 1993 ikatambuliwa GDNF, ambayo huzitunza hasa seli zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu na kutarajia raha. Kuna pia VEGF, inayochochea mishipa midogo ya damu kuchipuka, na IGF-1, ambayo sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini.

Neno "ukuaji" lisitufanye tufikirie watoto pekee. Kwa mtu mzima BDNF ina kazi kila saa. Seli mbili za neva zinapowasiliana mara kwa mara, BDNF hutolewa pale zinapokutana na kuuimarisha muunganiko wao. Kujifunza njia mpya ya kwenda shambani, kukumbuka deni, kuzoea kulala bila kunywa kwanza, vyote vinaitegemea. Mtu anayeacha pombe anaufundisha ubongo wake upya namna ya kuishi. Ndiyo maana watafiti waliisogelea BDNF kwa matumaini makubwa.

Kinachotokea pombe inapokatika

Ubongo una kemikali ya kutuliza, GABA, na kemikali ya kuamsha, glutameti. Pombe huipa nguvu ya kwanza na kuibana ya pili, na ndiyo maana mnywaji hulegea, huchangamka bila woga, kisha husinzia. Akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi ndani ya pombe: vipokezi vya GABA hupoteza nguvu, na vipokezi vya glutameti huongezeka. Mtu aliyefikia hapo anaweza kunywa kiasi ambacho kingemlaza mwenzake, yeye akasimama na kuhesabu chenji sawasawa. Watu humsifu kwamba ana kichwa kigumu, kumbe hiyo ni dalili ya hatari.

Pombe ikikatika, marekebisho yale hayaondoki siku hiyo. Kinachotuliza kimedhoofika, kinachoamsha kimezidi, na hakuna tena kitu cha kuvisawazisha. Kati ya saa 6 na 12 tangu kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka hata kwenye baridi ya Makete ya mwezi wa sita, moyo huenda mbio, tumbo hukataa chakula, usingizi hauji. Wanaozimua asubuhi wanaujua mwanzo huu vizuri, kwa sababu kikombe kimoja huutuliza mkono na siku inaendelea. Kati ya saa 6 na 48 baadhi ya watu hushikwa na degedege linalofanana na kifafa, hata kama hawajawahi kuwa na kifafa maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne wachache wao, yapata watu 5 katika kila 100, huingia katika weweseko kali: homa, shinikizo la damu kupanda, kuona wadudu ukutani, kusikia sauti, kutojua yuko wapi wala nani amekaa pembeni yake.

Hapo ndipo familia nyingi hupotea. Mtu anayepigana na nyoka asiyeonekana huhisiwa kuwa amerogwa au amepandwa na kitu, na saa zilizohitajika kwa dawa zinakwisha njiani kwenda kwa mganga. Siwalaumu ndugu hao, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Lakini hali hiyo inaua. Kabla ya tiba za kisasa ilikuwa ikiua hadi takriban mtu 1 kati ya 3 walioipata, na kwa tiba sahihi vifo hushuka chini ya 5 kwa 100. Tofauti hiyo inaletwa na diazepamu au dawa za kundi lake zikitolewa na kusimamiwa na mhudumu wa afya, maji ya kutosha, na sindano za thiamini, yaani vitamini B1.

Vipimo vilisema nini

Watafiti walipoanza kuchota damu za watu wanaoacha pombe walitarajia hadithi rahisi: pombe imeshusha BDNF, kuacha kunaipandisha. Hadithi haikuwa rahisi.

Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan walitoa matokeo ya wagonjwa waliopimwa walipoanza kuacha na kupimwa tena baada ya wiki moja. Siku ya kwanza BDNF yao haikutofautiana sana na ya watu wasio walevi. Baada ya wiki ilikuwa imepanda waziwazi. Kumbe kilichowatofautisha na wengine kilikuwa mwendo wa BDNF zaidi ya kiwango chake cha mwanzo. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani waliofuatilia BDNF na GDNF pamoja waliona kitu kingine ambacho mimi nakiona kizito zaidi: waliokuwa na BDNF ya chini ndio waliokuwa na dalili kali zaidi za kuacha, kutetemeka na jasho na mahangaiko. GDNF yenyewe ilikuwa chini kwa wagonjwa kuliko kwa watu wa kulinganishwa nao, na ilikuwa chini zaidi kwa wale waliozoea kubeba pombe nyingi.

NGF haikuwafuata wenzake. Katika wiki ya pili ya kuacha ilionekana kushuka, na alama za kikemia zinazoizima jeni yake zikaongezeka katika kipindi hicho hicho. VEGF nayo ilionekana kuwa juu kwa watu walioletwa wakiwa wamelewa sana, kwa hiyo kushuka kwake baadaye kunaweza kuwa habari njema. IGF-1 inategemea ini na chakula. Kwa mtu ambaye ini limeshaanza kusinyaa na kuwa gumu huwa chini, na haitapanda kwa kuacha pombe peke yake ikiwa tumbo halipati protini.

Kwa hiyo mtu akikuambia "vichocheo vya ukuaji hupanda ukiacha pombe", muulize kipi, siku ya ngapi, na kwa mgonjwa wa aina gani. Kimoja kinapanda, kingine kinashuka, cha tatu kinasubiri ini.

Mtego uliomo ndani ya chembe sahani

Sasa tufike kwenye kiini cha tatizo, sehemu ambayo mara nyingi inarukwa katika maelezo ya kawaida.

BDNF ya kwenye damu haielei huru kwa wingi. Sehemu yake kubwa mno imehifadhiwa ndani ya chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoganda pale mtu anapojikata. Damu ikiachwa kwenye chupa igande, chembe sahani hupasuka na kumwaga BDNF yake, na majimaji yanayobaki juu, yaani seramu, huwa yamejaa BDNF. Damu hiyo hiyo ikichukuliwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, majimaji yake, yaani plazima, huwa na BDNF kidogo sana. Mgonjwa ni yule yule na mkono ni ule ule, lakini majibu yanapishana sana. Hata dakika ambazo chupa imekaa mezani kabla ya kuzungushwa kwenye mashine hubadilisha jibu, maana kadiri damu inavyokaa ikiganda ndivyo chembe sahani zinavyoendelea kumwaga.

Na mwaka 2016 kundi la watafiti ambalo Barde mwenyewe alikuwa ndani yake lilionyesha kwamba BDNF hiyo ya chembe sahani hutengenezwa na seli mama zake huko kwenye uboho wa mifupa. Haitoki kwenye ubongo. Waligusa pia jambo lililokuwa limewachanganya wengi: damu ya panya wadogo wa maabara haina BDNF ya kupimika, kwa hiyo majaribio ya panya hao hayawezi kutujibu swali la damu ya binadamu.

Sasa unganisha na pombe. Pombe nyingi huukandamiza uboho, na idadi ya chembe sahani za mnywaji mkubwa hushuka. Akiacha, uboho unapumua. Ndani ya siku chache chembe sahani zinaanza kupanda, na katika wiki ya pili au ya tatu mara nyingi huvuka hata kiwango cha kawaida kabla ya kutulia. Madaktari walilijua hilo kabla ya watu kuanza kupima BDNF ya walevi. Sasa tazama: chembe sahani zinapanda baada ya wiki, na BDNF ya kwenye seramu inapanda baada ya wiki. Je, tumeona ubongo ukipona, au tumeona uboho ukirudi kazini? Kwa kiasi kikubwa inawezekana tumeona la pili. Kupima BDNF ya seramu ili kuujua ubongo ni sawa na kuhesabu magunia yaliyopangwa sokoni Mwanjelwa ukitaka kujua ghala la mkulima wa Vwawa limebaki na nini: gunia sokoni linaweza kuwa limetoka kwake, linaweza kuwa limetoka kwa mwingine kabisa, na siku soko limejaa yeye anaweza kuwa ghala tupu.

Kwa mikoa yetu mtego huu una meno zaidi. Malaria nayo hushusha chembe sahani. Mtu wa Kyela, bondeni kwenye joto na mbu, akilazwa kwa kuacha pombe huku ana vimelea vya malaria, chembe sahani zake zitapanda kwa sababu mbili kwa pamoja: pombe imeondoka na malaria imetibiwa. Mtu wa Njombe, ambako malaria ni nadra kwa sababu ya baridi, hatakuwa na sababu hiyo ya pili. Ukiwaweka wawili hao kwenye jedwali moja bila kuuliza, utapata tofauti ya BDNF ambayo haina uhusiano wowote na ubongo. Wengu lililovimba kwa ugonjwa wa ini nalo hukamata chembe sahani na kuzificha. Upungufu wa foliki asidi, unaowapata wanaokunywa bila kula, huuzuia uboho kuzitengeneza.

Kuna na suala la mwinuko. VEGF huamshwa na upungufu wa oksijeni. Utaratibu huo wa mwili kuhisi oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobeli mwaka 2019. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Makete vinapanda zaidi ya hapo. Sisemi kwamba mwinuko huo unaharibu vipimo. Ninachosema ni kwamba anayetaka kujua VEGF ya mnywaji wa Mbeya ailinganishe na ya jirani yake wa Mbeya asiyekunywa. Jedwali lililotengenezwa kwa watu wa tambarare za Ulaya halitamsaidia.

Halafu jeni. Tafiti nyingi za BDNF zimejengwa juu ya tofauti moja ndogo katika jeni yake, inayoitwa Val66Met, ambayo hupunguza BDNF inayotolewa seli zinapofanya kazi. Kwa watu wa Asia Mashariki aina hiyo, inayoitwa kwa kifupi Met, ni ya kawaida sana, kwa Wazungu ni ya kiasi, na kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni nadra mno. Kwa hiyo ripoti inayosema Met inatabiri nani atarudi kunywa, hata ikiwa kweli huko ilikofanyika, haina mtu wa kumhusu Ilula au Tukuyu. Nadhani hili ni jambo la haki kulidai: watu wetu wapimwe hapa. Mbeya kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, chenye uzoefu mrefu wa tafiti za damu. Uwezo upo karibu kuliko tunavyodhani.

Je, basi vipimo hivi ni bure?

Hapana. Kukosea kukisoma kipimo hakufuti kinachotokea mwilini, na kuna njia nyingine za kuutazama ubongo ambazo hazipiti kwenye chembe sahani.

Picha za MRI zimeonyesha mara kwa mara kwamba ubongo uliosinyaa kwa pombe hurudisha sehemu ya ujazo wake mtu akiacha, na kwamba urejeo huo una kasi zaidi katika wiki za mwanzo, kisha unaendelea taratibu kwa miezi. Kwa hiyo ubongo kurejea ni kweli, ila ushahidi wake mzuri uko kwenye picha na katika mwenendo wa mtu: anakumbuka, anapanga, hasira inapungua. Chupa ya damu haitoi ushahidi wa namna hiyo.

Majaribio ya wanyama nayo yanaonyesha kwamba vichocheo hivi vinahusika hasa na unywaji, havikusimama pembeni tu. Panya waliozaliwa na nakala moja ya jeni ya BDNF badala ya mbili hunywa pombe zaidi. Kwa GDNF kuna habari kubwa zaidi: mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo nyani aina ya rhesus, waliokuwa wamezoeshwa kunywa sana, waliwekewa jeni ya GDNF moja kwa moja kwenye eneo la ubongo linalotoa dopamini. Walipoachiwa tena pombe kwa vipindi katika kipindi cha mwaka mmoja, unywaji wao ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Jaribio hilo lilifanywa kwa nyani wachache, kwa upasuaji wa kutoboa fuvu, na kitu kikishawekwa hakitolewi. Si tiba ya kuisubiri nyumbani. Lakini linatuambia kwamba kiu ya mlevi ina makao katika seli zinazoweza kutajwa kwa jina, na kwa hiyo anayemtukana kuwa hana haya hajaelewa anachopambana nacho.

Kuna pia kiungo cha kortisoli. Siku za mwanzo za kuacha, homoni hii ya msongo hupanda sana, na kwa wanyama kortisoli nyingi huibana BDNF katika hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu. Hapo matokeo ya Wajerumani yanaanza kueleweka: mwili unaotetemeka na kukosa usingizi siku nne mfululizo unazidi kujinyima kile ambacho ubongo unakihitaji ili ujipange upya. Kumtuliza mgonjwa vizuri katika siku hizo, kwa dawa sahihi, kunaulinda ubongo wenyewe. Hili ndilo ninalotaka lishike kuliko yote, kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba mlevi aachwe "aumie kidogo ili ajifunze".

Tena maumivu hayo hujilimbikiza. Mwaka 1978 James Ballenger na Robert Post walieleza kwamba kila mara mtu anapoacha ghafla kisha akarudi kunywa, kuacha kwa mara inayofuata kunaelekea kuwa kukali zaidi, mpaka aliyeanza na kutetemeka tu anafikia degedege. Fikiria mnywaji wa ulanzi ambaye kila msimu ukiisha anakata siku kadhaa, kisha anapata komoni, kisha anakata tena. Anaweza kusema "mimi nimeshaacha mara nyingi na sikufa". Hizo mara nyingi ndizo zinazomweka hatarini.

Kinachoweza kufanywa

Hakuna hospitali inayohitaji BDNF yako ili ikutibu, na mtu akitaka kukuuzia kipimo hicho, au vidonge vya "kuotesha ubongo", usimpe fedha yako. BDNF kubwa kama ilivyo haipiti kirahisi kutoka damuni kuingia ubongoni, na ikimezwa tumbo litaimeng'enya sawa na protini ya maharage. Vitu vinavyoisaidia vinajulikana: mwili kufanya kazi au mazoezi, usingizi wa kweli, na chakula. Kwa wanaotoka kwenye pombe natilia mkazo chakula, kwa sababu mahindi yaliyokobolewa kuwa sembe hupoteza sehemu kubwa ya thiamini yake. Dona inabaki nayo zaidi, na maharage yanaongeza. Mtu aliyeishi miaka kwa komoni na sembe kidogo anaweza kuwa na akiba sifuri ya vitamini hiyo. Akikosa, macho yanashindwa kutulia, miguu inayumba hata akiwa hajanywa, na kumbukumbu inaweza kupotea isirudi. Ndiyo maana wodini thiamini hutolewa mapema, na inatakiwa itangulie dripu ya glukosi au iende pamoja nayo.

Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Aende kituo cha afya kwanza, na kama amewahi kupata degedege au weweseko, asiishie zahanati. Hospitali za rufaa za mikoa, kama ile ya Iringa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndizo za kukimbilia. Kliniki za methadoni ni za waraibu wa heroini, na dawa hiyo haitibu pombe. Diazepamu nayo isinunuliwe dukani na kugawiwa kwa kukadiria, kwa sababu ikikutana na pombe iliyobaki mwilini inaweza kuzima pumzi.

Mkifika, mhudumu atahitaji mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kushindwa kuyasema, hivyo aliye karibu naye ayashike kichwani: alikunywa nini mara ya mwisho na saa ngapi, hunywa kiasi gani kwa siku, ameshawahi kuacha na ilikuwaje, amewahi kuanguka, amekula lini chakula cha maana. Kama kuna majeraha ya kichwa aliyoyapata akiwa amelewa, hata ya wiki zilizopita, yatajwe, maana damu iliyovuja ndani ya fuvu inaweza kufanana kabisa na weweseko la pombe. Na kama anatumia dawa za kisukari, za kifafa au za kufubaza virusi vya UKIMWI, daftari lake la kliniki liende naye.